Nondo Haipikwi Mara Mbili

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Ntalikwa, mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora, nikimjulia hali mjomba wangu. Mjomba ni mstaafu wa reli. Ujana wake wote ulikwisha karakana, katikati ya mabehewa, nyundo na makaa, na hadi leo akishika kipande cha chuma hukipima kwa kiganja kabla hajakitazama kwa macho. Mwaka huu ameamua kumaliza tatizo la maji nyumbani kwake. Amechimba kisima, amenunua pampu, na sasa anajenga mnara wa zege wenye nguzo nne, ambao juu yake litakaa tangi la lita 5,000.

Naomba uikumbuke hesabu hiyo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 5,000 ni tani tano, zitakazokaa angani usiku na mchana, mita chache kutoka dirisha la chumba wanacholala wajukuu zake.

Nilipoingia uani, baada ya "mwangaluka" na habari za safari, nikaona moshi chini ya mwembe. Fundi alikuwa amewasha makaa, kijana wake anazungusha feni ya mkono, na nondo za milimita 16 zimelazwa ndani ya moto. Zilipokolea zikawa na rangi ya embe bivu. Fundi akachomoa moja, akaiingiza kati ya vyuma viwili vilivyosimikwa kwenye gogo, akaikunja kona bila taabu, kisha akaitumbukiza ndani ya pipa la maji. Chwaaa! Mvuke ukapaa, watoto wakashangilia.

Nikamuuliza, "Fundi, mbona unazichoma?"

"Mzee, hii ya kumi na sita ni ngumu," akanijibu kwa adabu. "Moto unailainisha ikunjike, halafu maji yanairudishia ugumu wake. Ndivyo tulivyofundishwa."

Nikamwambia kwamba nimewahi kusikia wahandisi wakikataza jambo hilo. Hapo mjomba akaingilia kati. "Mjomba, wewe kazi yako ni maneno. Chuma ni mtoto wa moto. Sisi karakana tulipasha vyuma moto miaka yote. Na hizo nondo zenyewe, kiwandani zilitengenezwa kwa moto. Sasa niambie: moto uliozizaa utaziharibuje?"

Nilinyamaza. Stashahada niliyonayo ni ya uandishi wa habari, na swali la mjomba lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo. Nilimwomba fundi asimimine zege kwanza. Niliporudi kazini nilimtafuta mhandisi wa vyuma ninayemfahamu, nikasoma nilichoweza kusoma, nikakumbuka na ziara niliyowahi kufanya katika kiwanda kimoja cha nondo jijini Dar es Salaam. Mazungumzo ya wiki hii ni jibu langu kwa mjomba. Lakini nadhani yanamhusu kila mmoja wetu anayejenga, au anayelala chini ya zege lililojengwa na mwingine.

Tuanze na chuma chenyewe. Nondo ni chuma cha pua, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo sana. Katika nondo nyingi za siku hizi kaboni ni kama sehemu mbili katika elfu. Katika reli za gari moshi ni nyingi zaidi, sehemu saba au nane katika elfu. Kwa macho chuma hiki huonekana kitu kimoja, laini kama siagi. Lakini ukikata kipande, ukausugua uso wake hadi ung'ae kama kioo, ukaupaka tindikali maalumu ya maabara, kisha ukautazama kwa hadubini, utaona ajabu. Utaona punje nyingi zimebanana, kama punje za mahindi katika gunzi. Kila punje ina chembe zake zilizojipanga kwa safu, na safu za punje hii hazielekei upande mmoja na safu za punje jirani. Mahali punje mbili zinapokutana pana mpaka.

Mipaka hiyo ndiyo siri ya nguvu. Unapoivuta nondo kwa nguvu kubwa, ndani ya kila punje safu za chembe hutaka kuteleza moja juu ya nyingine. Mteleko huo huenda moja kwa moja mpaka ugonge mpaka wa punje. Hapo husimama, kwa sababu upande wa pili safu zimeelekea kwingine. Mfano wake ni mwizi anayekimbia usiku. Katika uwanja mtupu atatimua mbio anavyotaka. Katika mtaa wenye ua baada ya ua, kila hatua chache lazima asimame aparamie. Punje zikiwa kubwa, ua ni chache. Punje zikiwa ndogo, ua ni nyingi na mwizi hafiki mbali.

Jambo hili lilipimwa na kuandikiwa kanuni na watafiti wawili, Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953. Walionyesha kwamba ukipunguza upana wa punje hadi robo ya ulivyokuwa, mchango wa mipaka katika nguvu ya chuma huongezeka mara mbili. Na hapa tunazungumzia vitu vidogo mno. Katika chuma chenye punje kubwa, punje kama 20 hujipanga ndani ya milimita moja. Katika chuma chenye punje laini, zaweza kufika 100 au zaidi. Tena kuna faida ya ziada. Njia nyingi za kukiongezea chuma ugumu hukifanya kiwe chepesi kukatika. Kupunguza punje hukipa nguvu pamoja na uvumilivu, kikanyumbulika kabla ya kukatika.

Sasa punje hizo hupewa ukubwa wake wapi? Jibu ni kwenye rola.

Waliowahi kunywa juisi ya miwa mtaani wameshaona kiwanda cha nondo kwa mfano mdogo. Mashine ya kukamulia miwa ina rola mbili zinazozunguka kwa kuelekeana. Muwa huingia mnene upande huu na kutoka bapa upande ule. Kiwandani muwa ni mche wa chuma, kipande kirefu cha mraba kama mche wa sabuni ya kufulia. Huingizwa katika tanuru hadi ufikie nyuzi 1,100 au hata 1,200 za Sentigredi. Hutoka ukiwaka rangi ya manjano, ukaingia kati ya rola, ukatoka mwembamba na mrefu zaidi, ukaingia tena rola nyingine, na nyingine tena. Siku ile ya ziara niliona chuma kikikimbia kama nyoka wa moto, na joto lake lilinifikia usoni nikiwa mbali. Rola ya mwisho imechongwa mikato, na mikato hiyo ndiyo inayoacha ile mistari tunayoiona juu ya nondo, ya kushikana na zege.

Macho yetu huona umbo tu likibadilika. Ndani kuna kazi nyingine. Katika joto hilo chembe za chuma hujipanga kwa namna tofauti na zinavyokaa zikiwa baridi. Wataalamu huuita mpangilio huo ostenaiti, kwa kumkumbuka Mwingereza William Roberts-Austen. Rola inapokandamiza, punje za ostenaiti hupondeka na kulala bapa. Lakini kwa kuwa joto bado ni kali, hazikai hivyo. Katika nukta chache, kutoka kwenye zile zilizopondeka huzaliwa punje mpya, ndogo zaidi. Rola inayofuata huziponda nazo, zikazaliwa nyingine. Kila pito ni kama mpishi anayekanda unga upya.

Hata hivyo kazi hiyo ina masharti yake. Chuma kikiachwa katika joto kali baada ya rola, punje hazitulii. Kubwa humeza ndogo, nazo zikazidi kukua. Kwa hiyo joto la pito la mwisho, kasi ya rola, kiasi cha kukandamiza, na muda kinaokaa chuma kabla ya kupoa, vyote huandikwa ndani ya nondo. Kikimaliza rola kikiwa cha moto kupita kiasi, punje hutoka kubwa. Kikichelewa kikapoa mno, rola hulemewa na chuma hutoka na punje zisizolingana. Viwanda viwili vyaweza kuyeyusha chuma cha aina moja, vikatoa nondo za unene mmoja na rangi moja, zenye nguvu mbalimbali.

Kuna na ujanja wa kuongeza kiungo. Kwa baadhi ya vyuma, wataalamu hutia madini ya niobiamu, sehemu chache tu katika elfu kumi. Vijichembe vyake hushikilia mipaka ya punje isihame wakati chuma kikiwa cha moto. Niobiamu si kitu cha mbali na sisi: kilima cha Panda Hill, karibu na jiji la Mbeya, kinajulikana kwa kuwa na akiba ya madini hayo.

Baada ya rola kuna kupoa, na hapa ndipo swali la mjomba linapojibiwa.

Chuma cha nondo kikiachwa kipoe taratibu hewani, ostenaiti hugeuka vitu viwili. Kimoja ni feraiti, ambayo ni laini na huvutika. Cha pili ni pelaiti, tabaka nyembamba za feraiti zilizopangwa na tabaka ngumu zenye kaboni, kama kurasa za kitabu. Jina lake limetokana na lulu, kwa vile huweza kumeremeta kama lulu ikitazamwa kwa hadubini. Reli karibu yote ni pelaiti, na ndiyo sababu huvumilia msuguano wa magurudumu. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilijengwa kwa chuma kilichosukumwa na rola kikiwa cha moto, na mjomba alipokea mshahara wake kwa ajili ya kuitunza kazi hiyo ya rola. Siku hizi reli nyingi duniani za mizigo mizito hupozwa kichwa haraka mara tu baada ya rola, kwa hewa au maji, ili kurasa za pelaiti ziwe nyembamba zaidi. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni jinsi ya kukipoza.

Nondo nazo zilipata mapinduzi yake. Wenye umri wangu wanakumbuka nondo zilizosokotwa kama kamba. Hizo zilitolewa kwenye rola zikiwa za nguvu ya kawaida, kisha zikasokotwa zikiwa baridi ili zipate ugumu. Kabla yake, na sambamba nazo, kulikuwa na nondo laini za mviringo zisizo na mistari. Lakini katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ubelgiji walibuni njia nyingine, ambayo sasa imeenea duniani kote, hata katika viwanda vya kwetu.

Njia hiyo ni hivi. Nondo inatoka rola ya mwisho ikiwa na joto la karibu nyuzi 1,000. Papo hapo inapita katika mabomba yenye maji ya kasi, kwa muda wa kama sekunde moja au pungufu. Ngozi yake hupoa ghafla, na ostenaiti ya ngozi hiyo haipati muda wa kugeuka feraiti na pelaiti. Hugeuka kitu kigumu sana kiitwacho martensaiti, jina lililotokana na Mjerumani Adolf Martens. Martensaiti mbichi ni ngumu lakini ni kavu. Ikipigwa huweza kupasuka. Hapo ndipo ufundi ulipo. Nondo inapotoka majini, moyo wake bado unawaka. Joto la moyo hutoka nje taratibu na kuipasha ngozi mara ya pili, hadi karibu nyuzi 600. Ngozi hiyo hulainika kiasi na kupoteza ukavu wake, bila kupoteza nguvu zake zote. Moyo nao hupoa polepole kuwa feraiti na pelaiti.

Matokeo yake ni nondo yenye ngozi ya nguvu na moyo wa kunyumbulika. Mfano wake ni shina la mwanzi, ambalo ugumu wake mwingi uko nje. Ukiikata na kuipaka tindikali maabara, utaona duara la rangi iliyoiva ukingoni na rangi nyepesi katikati. Maji yakipungua, duara huwa jembamba na nondo huwa dhaifu. Maji yakizidi, nondo huwa ngumu na hupunguza kuvutika. Tundu moja la maji likiziba, duara huwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili.

Basi, mjomba, hili ndilo jibu. Moto uliozaa nondo hii ulikuwa hatua ya kwanza tu. Nguvu unayoilipia dukani ililetwa na mambo matatu yaliyofuatana kwa kipimo: rola, sekunde moja ya maji, na joto la moyo lililorudi kwenye ngozi. Fundi anapoirudisha nondo katika makaa hadi rangi ya embe bivu, anaifikisha katika joto la ostenaiti. Duara lile la ngozi linafutika. Mpangilio wote wa kiwandani unafutika. Punje zinapata nafasi ya kukua, wala hapana rola chini ya mwembe ya kuzikanda tena.

Na pipa la maji? Fundi alisema maji yanarudisha ugumu, na kuna ukweli kidogo katika kauli hiyo, ndiyo maana ina hatari. Kiwandani maji hugusa ngozi kwa sekunde moja na moyo hubaki na moto wa kuituliza ngozi. Pipani nondo inazama yote mpaka inapoa kabisa. Sehemu iliyokuwa ya moto sana inaweza kuwa ngumu na kavu, bila joto lolote lililobaki la kuituliza. Kando yake kuna sehemu iliyopata moto wa wastani, ikalainika. Kwa hiyo katika urefu wa mkono mmoja wa nondo unakuwa na vyuma vitatu tofauti: kavu, laini, na kile cha kiwandani. Na sehemu hiyo iko wapi? Iko kwenye kona, pale boriti inapokutana na nguzo, mahali ambapo mnara hutegemea zaidi.

Tufanye hesabu ya nondo moja. Nondo ya milimita 16 ya daraja la 500 inapaswa kuvumilia mvuto wa kiasi cha tani 10 kabla haijaanza kurefuka moja kwa moja. Nondo laini ya zamani, ya unene uleule lakini ya daraja la 250, huanza kurefuka katika tani 5 na ushei. Mhandisi anapochora mnara kwa kutumia nondo za 500, hesabu zake zote zimesimama juu ya zile tani 10. Nondo ikichomwa na kupoa hewani, nguvu yake hushuka kuelekea ile ya nondo isiyopata maji ya kiwandani. Hakuna anayeliona pengo hilo. Nondo ni ileile, mistari ni ileile, na jioni inafunikwa na zege.

Sitaki kumvunjia mjomba heshima, kwa sababu kwa vyuma vya wakati wake alisema kweli. Zile nondo laini za mviringo zilipata nguvu zao kutokana na kupoa hewani tu. Ukizipasha na kuziacha zipoe taratibu, hupotezi kitu kikubwa. Wahunzi wa Kisumbwa na Kirongo, ambao majembe yao yaliletwa kuuzwa Unyanyembe siku za misafara, nao walifua chuma kikiwa chekundu, na majembe hayo yalitoshea hata kutolewa mahari. Chuma chao kilitoka katika tanuru za udongo, na nguvu yake ilitoka kwenye nyundo. Mhunzi alikipasha moto kwa sababu alikuwa yeye mwenyewe ndiye rola. Fundi wa leo anapokea chuma ambacho rola na maji zimekwisha kukimaliza, kisha anaanza kukihunzi upya bila nyundo na bila kipimo. Fundi huyo hana nia mbaya. Amerithi desturi ya chuma ambacho hakiuzwi tena dukani.

Jambo hili si dogo. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na watu wengine wakapoteza maisha. Sisemi kwamba majengo hayo yaliangushwa na nondo zilizochomwa. Jengo huanguka kwa sababu nyingi: msingi, zege, michoro, ghorofa za kuongezwa. Ninachosema ni kwamba zege haioni huruma kwa kosa lililofichwa ndani yake, na nondo iliyochomwa ni kosa linalofichwa kwa urahisi kuliko mengine.

Je, mwananchi wa kawaida afanye nini? Kwanza, nondo ikunjwe ikiwa baridi. Nondo ya milimita 16 hukunjika kwa mikono ya watu wawili, meza imara yenye vipingili vya chuma, na bomba refu la kuongezea nguvu. Kona isiwe kali kama ya kitabu. Kwa nondo za hadi milimita 16, kipingili cha kukunjia kisipungue mara nne ya unene wa nondo. Kwa hiyo nondo ya 16 inataka kipingili cha milimita 64. Kona kali mno huweza kuipasua ngozi ile tuliyoieleza. Na nondo iliyokunjwa vibaya isinyooshwe na kukunjwa tena mahali palepale.

Pili, usiruhusu nondo kuchomelewa ovyo kwa umeme ili kuunganisha vipande. Moto wa kuchomelea nao hupika chuma kando ya kiungo. Viungo vya kawaida ni kulaza nondo mbili sambamba kwa urefu aliousema mhandisi, na kuzifunga kwa waya. Kukata kufanywe kwa msumeno au mkasi wa chuma.

Tatu, pima uzito. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10 na nusu hivi, au zaidi kidogo. Ya milimita 10 ni kama kilo 7.4, na ya milimita 16 ni kilo 19. Ukikuta upungufu mkubwa, umeuziwa nondo nyembamba kwa bei ya nene. Lakini mizani hupima unene tu. Haiwezi kuona punje wala duara la ngozi. Hayo yanaonekana maabara, kwa kuvuta na kukunja vipande vya majaribio. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lipo kwa ajili ya kazi kama hiyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina maabara ya kupimia vyuma. Anayejenga nyumba ya chini huenda asihitaji kufika huko. Anayejenga ghorofa asidai kwamba hana fedha za kupima vipande vitatu vya nondo, na hali analo jengo zima la kupandisha.

Nne, na hili nalisema kwa wanaofundisha. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha kukunja nondo baridi, lakini mafundi wengi hawakupita chuoni; walijifunza kwa kumtazama fundi mwingine. Ukimwambia fundi huyo "ni marufuku", atakuitikia, na ukiondoka atawasha makaa. Mweleze sababu. Fundi anayeelewa kwamba nguvu ya nondo ilitiwa kwenye ngozi na maji ya kiwandani hatahitaji mlinzi.

Juzi nilimpigia simu mjomba, nikamsimulia hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza swali moja tu. "Zile zilizokwisha kuchomwa, ni ngapi?" Nikamwambia mwenyewe ndiye aliyeko hapo, azihesabu. Akaenda uani na simu mkononi. Nikasikia nondo zikigongana, moja baada ya nyingine.

"Nane," akasema.

Kwa bei ya Tabora, nondo nane za milimita 16 si fedha ndogo kwa mstaafu. Tulikubaliana nimchangie nusu. Zilizochomwa zitasimama bustanini kushikilia uzio wa mboga, na fundi ameazima bomba refu kwa jirani. Mnara wa mjomba utachelewa kwa wiki moja au mbili, na wajukuu wataendelea kuchota kwa ndoo kwa muda huo. Afadhali ndoo.

Tukutane wiki ijayo.